Kopo Langu na Mrashi wa Pasha

Nyumbani kwangu kuna glasi 24, bilauri 6 za mguu mrefu, birika la kioo la sharubati pamoja na visahani vyake, na mimi nanywa maji kwa kopo. Kopo la plastiki, la kijani, lina mpasuko mdomoni. Nimelizoea mpaka mdomo wangu nao umepinda kidogo kuufuata ule mpasuko.

Vioo vyote hivyo vimo kwenye kabati la sebuleni. Kabati lina ufunguo, na ufunguo unalala kwenye pindo la khanga ya mama watoto. Katika miaka 17 ya ndoa nimeliona kabati hilo likifunguliwa kwa ajili ya kunywea mara tatu tu: alipokuja shehe kwenye hitima ya marehemu baba, walipokuja watu wa posa kwa binti wa jirani wakakosea nyumba, na siku mjumbe alipopita kuchukua mchango wa ulinzi. Mjumbe alipewa juisi kwenye bilauri ya mguu mrefu, akanywa nusu, akaondoka na mchango. Mimi niliyetoa mchango nilikunywa ile nusu iliyobaki, jikoni, nimesimama, baada ya kumiminiwa kwenye kopo.

Nilidhani huu ni ugonjwa wa nyumba yangu peke yake mpaka nilipopelekwa Istanbul.

Nasema nilipelekwa kwa sababu sikwenda. Mama watoto anauza nguo Kariakoo, na mara mbili kwa mwaka anakwenda Uturuki kufunga mzigo. Safari hii shoga yake wanayesafiri pamoja aliugua goti. Mama watoto akanitazama, akanitazama mabegani, si usoni, akasema, "Baba watoto, na wewe ukatembee, uone dunia." Dunia niliyoiona kwa siku nne ni ngazi za maduka ya Laleli. Huko duka limo juu ya duka, na chini ya ardhi yako mengine, na kila mwenye duka anajua kuhesabu kwa Kirusi, kwa Kiarabu na kwa lugha yoyote ambayo mteja anayo pesa yake. Nilibeba majaketi ya watoto. Nilibeba viatu. Nilibeba mfuko wa mikanda ambao uzito wake ningependa daktari auone.

Siku ya tano mzigo ukaenda kwa wakala wa kusafirisha, nami nikadhani sasa nitalala. Mama watoto akasema tupite kidogo kwenye lile soko kubwa lililoezekwa, Kapalıçarşı, ambalo Waosmani walianza kulijenga miaka michache tu baada ya kuuteka mji mwaka 1453. Mwanamke akisema "tupite kidogo" kwenye soko lenye umri huo, mwanamume atafute mahali pa kukaa.

Mahali nilipopata pa kukaa palikuwa kigoda ndani ya kiduka cha vitu vya zamani. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye masharubu manene, na mjukuu wake alikuwa akitafsiri. Nikaletewa chai ya tufaha kwenye kiglasi chembamba kiunoni. Nataka niliseme hili kwa herufi kubwa kama gazeti lingeruhusu: nilinywa kwa kioo. Mtu asiyenijua, katika nchi isiyo yangu, alinipa kioo nikanywa.

Hapo ndipo mama watoto alipopiga ukelele. "Mrashi!"

Juu ya rafu palikuwa na mrashi wa kioo chekundu kama juisi ya rozela. Ulikuwa na tumbo la duara na shingo ndefu nyembamba kama ya korongo, na juu kabisa kulikuwa na kichwa cha madini chenye vitundu vya kunyunyizia. Tumboni palichorwa vishada vya maua kwa rangi nyeupe na buluu, na mistari ya dhahabu ikazunguka shingo. Mama watoto ana asili ya Unguja upande wa mama yake, na kwao mrashi si kitu cha kuelezwa. Mzee akautoa, akaufuta kwa kitambaa, akasema kwa Kituruki: gülabdan. Kisha akaongeza kupitia kwa mjukuu kwamba huu haukutengenezwa Uturuki hata kidogo. Ulitoka Bohemia, ukatengenezwa kwa ajili ya nyumba za mapasha.

"Bohemia ndiyo wapi?" akaniuliza mama watoto, kama kwamba ndimi niliyeipoteza.

Bohemia, mzee akaeleza huku akinijazia chai, ni ile nchi ambayo leo sehemu kubwa yake ni Jamhuri ya Cheki. Wana milima, wana mawe meupe ya kusaga na wana misitu. Msitu ndio ulikuwa mali yenyewe, maana tanuri la kioo hula kuni kama mgeni wa Ramadhani anavyokula sambusa, na majivu ya kuni hizo hizo hutoa potashi inayosaidia mchanga kuyeyuka. Watu wa Venice walikuwa wakitumia majivu ya mimea ya pwani, yenye magadi, na kioo chao kilikuwa laini, cha kupuliziwa maumbo ya ajabu. Cha Bohemia kilitoka kigumu, unaweza kukikata, kukichora na kukichimba maua. Nikafikiria mama mmoja wa mtaani kwetu anayefukuzwa na mgambo kila siku kwa sababu ya majivu ya mkaa. Kumbe alizaliwa nchi isiyo yake.

Ila aliyenigusa moyo ni Georg Franz Kreybich. Huyu alikuwa mtu wa kijiji cha Steinschönau, leo kinaitwa Kamenický Šenov, na katika miaka ya 1680 alipakia vioo kwenye mkokoteni akaanza kutembeza. Alifanya safari zipatazo 30 maishani mwake, akafika London, akafika Moscow. Kwa vioo! Sisi tuna barabara ya lami kutoka Mbagala hadi Kariakoo na bado trei ya mayai haifiki salama. Huyo ni mmachinga, msomaji wangu, tena mmachinga wa kupigiwa saluti. Walikuja wengine baada yake, wakaunda makampuni, wakafungua maduka ya vioo vya Bohemia huko Constantinople, ndiyo Istanbul hii, na Smyrna, ambayo leo ni Izmir. Hapo ndipo walipogundua siri ambayo kila mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua: usimuuzie mtu unachokipenda wewe.

Maana yule Mbohemia nyumbani kwake alikuwa anakunywa bia. Chombo chake ni kopo kubwa lenye mkono, na juu yake amechorewa mwindaji na mbwa wake wanamfukuza paa. Sasa kachore mwindaji kwenye chombo cha kupeleka nyumba ya pasha uone kama kitanunuliwa. Kwa hiyo mafundi wa milimani, ambao wengi wao hawakuwahi kumwona Mturuki hata kwa mbali, wakajifunza kutengeneza vikombe vya kahawa visivyo na mkono, bakuli za sharubati zenye kifuniko na kisahani, matumbo ya viko vya maji, na mirashi. Picha za watu na wanyama wakaziweka kando, wakachora waridi, wakachora hilali na nyota, wakapaka dhahabu mpaka kioo chenyewe kikawa hakionekani. Mchoraji alimaliza kikombe cha sharubati, akakifunga kwenye nyasi, akaenda zake kunywa bia.

Mama watoto akaniambia, "Kama khanga." Alisema kweli. Palikuwa na wakati khanga za huku kwetu zilichapwa Uholanzi, na aliyezichapa hakuelewa neno hata moja la yale mafumbo, lakini aliyatandaza sawasawa, na huku watu wakavaliana na kununiana kwa maneno hayo hayo.

Hata viko vya maji vyenyewe, hivi ambavyo vijana wetu wanavivuta siku hizi wakijiona wa kisasa, jina lake limetoka kwenye kioo. Shisha kwa Kifarsi ni kioo. Na bilauri yetu ni ndugu wa billur ya Kituruki, yaani kioo safi cha thamani. Kwa hiyo mimi ninayenyimwa bilauri nimenyimwa kwa lugha mbili.

Na Waturuki hawakuanza kuagiza vioo kwa Wabohemia. Mwaka 1569 waziri mkuu wao, Sokollu Mehmed Pasha, alimwita balozi wa Venice, Marcantonio Barbaro, akamwagiza taa 900 za kioo za msikitini. Mia tisa! Tena akatoa na mchoro wake, kama mteja anavyompelekea fundi cherehani picha ya gauni kwenye simu. Mwaka uliofuata, 1570, Waosmani na Venice wakaingia vitani kugombea Cyprus. Mtu unamwagiza taa leo, kesho unampelekea manowari. Mimi nilishamwagiza fundi seremala meza kisha tukagombana kabla hajaimaliza, na nakwambia hali hiyo haina raha, sembuse ikiwa oda yenyewe ni taa 900.

Baadaye hata masultani waliona aibu ya kununua kila kioo nje. Sultan Selim wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1789 hadi 1807, alimtuma darweshi wa Kimevlevi aliyeitwa Mehmed Dede akajifunze ufundi huko Venice. Huyo alirudi akafungua karakana Beykoz, ng'ambo ya Bosporus. Kwenye vioo vya Beykoz kuna aina yenye mistari myembamba ya rangi inayojizungusha kama pipi, wanaiita çeşm-i bülbül, jicho la kinega, yule ndege mwimbaji. Darweshi! Mtu aliyeikimbia dunia, serikali ikamrudisha duniani akapulize glasi. Mtu wa Mungu hapumziki, na mimi nisiye wa Mungu pia sipumziki.

Mzee alipoona tumekolea, akazima taa ya duka. Akatoa bakuli la rangi ya njano-kijani, akalimulika kwa tochi yenye mwanga wa zambarau, na bakuli likawaka kijani kibichi kama jini. Ni urani, alisema. Ukoo wa Riedel, watengeneza vioo wa Bohemia wa karne ya 19, ulichanganya urani kidogo kwenye kioo, na rangi hizo zikapewa jina la mwanamke wa nyumba yao, Anna: njano ya Anna na kijani cha Anna.

Kimya kikatanda gizani. Nilijua kinachokuja.

"Huyo Anna kapewa kioo kinachowaka usiku," alisema mama watoto. "Mimi nimepewa nini?"

Nikamjibu kwamba yeye amepewa mimi. Mjukuu hakutafsiri.

Adhana ya alasiri ikaniokoa. Nikatoka, nikaenda msikiti wa Nuruosmaniye, ulio mlangoni mwa soko, nikasali, nikaomba dua ndefu kuhusu uzito wa mabegi. Niliporudi nilikuta boksi limefungwa kwa kamba, mama watoto anatabasamu, na mzee ananipa mkono kwa nguvu nyingi kuliko tulivyozoeana.

"Kanipa zawadi," alisema mama watoto.

"Zawadi? Mrashi wa pasha?"

"Kafurahi tu. Watu wa huku wana ukarimu, hukuona chai?"

Niliona chai. Nikaamini. Kosa langu katika maisha ni kuamini kila anayenipa chai.

Kesho yake ndege ilikuwa ya usiku, tukaenda kuliona kasri la Dolmabahçe. Mlangoni unavishwa soksi za plastiki juu ya viatu ili usikwaruze sakafu, na hapo nikajua nimefika nyumbani kwa mtu mwenye mke kama wangu. Kasri hili alilijenga Sultan Abdülmecid kati ya 1843 na 1856, kwa sababu aliona lile la mababu zake, Topkapı, limepitwa na wakati. Nguzo za mkono wa ngazi ni za kristali ya Baccarat, kutoka Ufaransa. Ngazi! Mahali pa kushika wakati unateleza. Nilimtazama mama watoto anavyozitazama zile ngazi, nikashukuru Mungu kwamba nyumba yetu haina ghorofa.

Kisha tukaingia ukumbi mkuu, nikaangalia juu, na kofia ikaanguka. Dari limebeba taa ya kristali, ile ambayo wazee wa pwani huiita thurea, yenye taa 750 na uzito wa tani nne na nusu. Huo ni mzigo ambao Canter ikiubeba, trafiki anakuandikia. Imetoka Uingereza. Kwa muda mrefu ilisemwa na kusimuliwa kwamba ni zawadi ya Malkia Victoria kwa Sultan. Wageni waliambiwa hivyo, wakaitikia kwa heshima, wakasema kweli malkia yule alikuwa na moyo. Halafu mwaka 2006 ikapatikana risiti. Taa ililipiwa yote na Waosmani wenyewe.

Nilicheka, msomaji. Nilicheka mpaka mlinzi akanisogelea. Nikasema watu hawa walikuwa na dola nzima, na mawaziri, na makarani wa hazina, na katika miaka 150 hakuna hata mmoja aliyeuliza risiti iko wapi! Na pesa zenyewe hazikuwepo: walianza kukopa nje mwaka 1854, kasri likiwa bado halijamalizika, na mwaka 1875 dola ikatangaza kwamba haiwezi kulipa madeni. Nikamgeukia mama watoto ili tucheke pamoja.

Hakucheka. Alikuwa anaangalia dari kwa makini sana.

Mrashi ulisafiri mapajani mwangu. Saa saba za angani, boksi mapajani, mikanda imefungwa juu ya boksi, chakula nimekula kwa mkono mmoja kama mtu aliyevunjika. Kila ndege ilipotikisika kidogo mama watoto aliniwekea mkono. Nikafurahi, mwanzoni. Baadaye nikagundua mkono uko kwenye boksi.

Dar tulifika alfajiri. Kabla sijavua viatu, kabati lilishafunguliwa, glasi 24 zikasogezwa, mrashi ukasimamishwa katikati juu ya kitambaa cha kufuma, na ufunguo ukarudi kwenye pindo. Nikaomba maji. Yakaja kwenye kopo.

Sasa nieleze habari ya shemeji. Huyu ni kaka wa mama watoto, alikuja kwa wiki mbili kufuatilia kazi, na wakati huo alikuwa anaingia mwezi wa nne. Kazi alikuwa anaifuatilia akiwa amelala kwenye sofa, labda ilikuwa inapita kwenye televisheni. Mimi nilikuwa nimebaki na jambo moja kutoka kwa yule mzee wa masharubu. Katika nyumba za Kiosmani, aliniambia, mgeni alipewa kitamu, akapewa kahawa, akapewa sharubati, na mwisho kabisa ukaletwa mrashi na chetezo. Akinyunyiziwa maji ya waridi na kufukizwa udi, mgeni mwenyewe anaelewa, ananyanyuka, anaaga. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyenuna. Waarabu wa Ghuba nao wana msemo wao kwamba baada ya udi hakuna kukaa.

Nililala na wazo hilo usiku kucha. Kwa hiyo hata hilo dude la Bohemia, na dhahabu yake yote, lilikuwa chombo cha kutolea wageni! Wazungu wa milimani walitoka jasho tanurini ili pasha apate namna ya adabu ya kumwambia shemeji yake aende.

Jumamosi, mama watoto akiwa bafuni, nilichukua ufunguo. Nilinunua chupa ya marashi ya waridi, nikaujaza mrashi, nikawasha udi. Nikamwandalia shemeji kahawa na kashata, nikamwandalia sharubati ya ukwaju, kisha nikamjia kwa mwendo wa karamuni, nikamnyunyizia mikononi, nikamnyunyizia kichwani, nikamfukiza mpaka ndani ya shati. Nikasimama nikingoja anyanyuke.

Alifumba macho. Machozi yakamtoka. "Shemeji," alisema, "miaka yote hii sikujua kama unanipenda hivi." Akapiga simu kwao akawaambia wamletee na begi lake la pili.

Mwezi wa tano tangu turudi, mama mkwe akaja kutoka Unguja. Nilimwamkia, akaitikia, kisha macho yake yakaenda moja kwa moja kabatini. Akaomba afunguliwe. Yeye alifunguliwa papo hapo. Akaushika mrashi kwa namna ya mtu anayeshika kitu cha kwao, akaupindua, akautazama mwanga kupitia tumboni. Akasema nyumbani kwa bibi yake ukutani palikuwa na zidaka, vile visanduku vilivyochimbwa ndani ya ukuta, vimejaa sahani za Kichina na vioo. Hilo si la kwao tu: Bibi Salma binti Said, yule mtoto wa Sultan wa Zanzibar aliyeolewa na Mjerumani, kwenye kitabu chake cha mwaka 1886 alieleza vyumba vya nyumba za baba yake, kuta zimepangwa vioo na kauri. Kumbe ugonjwa huu ulishavuka bahari zamani, na mimi nimeuoa tu.

"Na nyinyi bilauri hizo mlikuwa mkinywea?" nilimuuliza mama mkwe, nikiwa na matumaini.

Alinitazama kama nimemuuliza kama walikuwa wanaota moto kwa milango.

Kisha akamgeukia bintiye. "Mwanangu, huu mmenunua kiasi gani?"

"Zawadi, mama. Mturuki kanipa."

"Basi niazimeni, kuna arusi ya mtoto wa dada yangu Mkunazini. Mwanaume, nitafutie boksi lake."

Nikaingia chini ya kitanda, nikalivuta boksi, nikaanza kuyatoa magazeti ya Kituruki yaliyokunjwakunjwa ili niyapange upya. Kati ya gazeti la tatu na la nne kikaanguka kikaratasi. Mimi sijui Kituruki. Najua neno moja tu, nililofundishwa na mzee mwenye masharubu huku nikinywa chai yake, na neno hilo ndilo lililokuwa limeandikwa pale: gülabdan, 1. Mbele yake palikuwa na tarakimu nyingi za lira, na chini palikuwa na sahihi ya mtu ninayemjua, ile anayoweka kwenye daftari la mchezo wa upatu.

Mama watoto alisema ni ya majaketi. Mama mkwe akavaa miwani. Mimi nikachukua simu, nikageuza lira kuwa shilingi, kisha shilingi nikazigeuza kuwa kitu ambacho moyo wangu unakielewa: mabati 14 ya geji 28. Ndiyo mabati 14 yale yale, kwa idadi ile ile, tuliyokuwa tumeyawekea akiba ya kubadilishia upande wa sebule, ambako yaliyopo yameshakula kutu na unaweza kuhesabu nyota bila kutoka nje.

Waosmani iliwachukua miaka 150. Mimi miezi mitano. Najua ni ushindi wa namna fulani, ila sioni wa kuushangilia naye.

"Kitu cha bei hii hakitoki nyumbani," mama mkwe akatoa hukumu. Akaurudisha mwenyewe kabatini, akageuza ufunguo, akampa bintiye mkononi. Nilitegemea angalau atamsema. Alichosema, wakiwa jikoni wanadhani sisikii, ni kwamba dhahabu yake imetulia.

Masika yalianza wiki ile ile. Saa nane usiku nilisikia tone. Tone la pili likapiga juu ya kabati, na mama watoto, ambaye mtoto akilia huniamsha mimi, alikuwa keshafika sebuleni. Nyumba ikageuka bandari. Glasi 24 zikapita mikononi mwangu moja moja, "taratibu, usikimbie, tazama mguu!" Bilauri zikazungushiwa khanga. Birika likabebwa kama mtoto mchanga. Vyote vikalazwa kitandani, upande wangu, na mrashi wa pasha ukawekwa katikati juu ya mto wangu, ukafunikwa shuka shingoni. Shemeji alijigeuza kwenye sofa akauliza kama kumekucha.

Nikabaki sebuleni kwenye kiti cha plastiki, kopo mkononi, nimelikinga chini ya tone. Kwa sababu ya ule mpasuko siwezi kuliacha lijae, inabidi niliinamishe upande, na kila baada ya muda ninyanyuke, nifungue mlango, nimwage nje, nirudi kabla tone halijafika kabatini. Nilikuwa naelekea mlangoni mara ya saba au ya nane niliposikia sauti ya mama watoto kutoka chumbani, sauti ya upole kabisa, ya mtu aliyeanza kupitiwa na usingizi.

"Baba watoto, angalia hilo kopo usije ukalivunja. Ndilo hilo hilo unalonywea."